Kidhibiti joto cha soketi mbili: miezi minane katika tangi la samaki, Tanga

Kifaa ninachokihakiki hapa nilikinunua mwezi Julai katika duka moja la vifaa vya umeme huko Ngamiani kwa shilingi 70,000. Ni kisanduku kidogo chenye kioo cha tarakimu, waya wa sensa unaotumbukizwa majini, na soketi mbili: moja ya hita, nyingine ya chombo cha kupoza, ambacho kwangu ni feni ndogo inayobanwa ukingoni mwa tangi. Mtumiaji huchagua kiwango cha joto anachokitaka na tofauti anayoweza kuivumilia, kisha kisanduku huwasha na kuzima chenyewe. Tangi langu la lita 120 liko sebuleni, Chumbageni, na wamo mbuna, samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, ambao hustawi maji yakiwa kati ya nyuzijoto 24 na 28.

Waliosikia kwamba nanunua hita katika mji kama Tanga walinicheka, na sikuwalaumu. Hata hivyo, wakati wa kusi nilipima maji kabla ya kufunga kifaa nikakuta alfajiri yameshuka hadi 23 na alasiri yamepanda hadi 26, na mpando na mshuko wa namna hiyo kila siku huwachosha samaki, ambao joto la miili yao hufuata la maji, na wakishadhoofika ugonjwa wa madoa meupe hupata mlango. Tangu nilipoweka hita ya wati 100 chini ya usimamizi wa kisanduku hiki, tofauti ya usiku na mchana haikuzidi nyuzijoto 1. Hita ya kiasi hicho huchukua kama saa moja na nusu kupandisha lita 120 kwa nyuzijoto 1, mwendo wa taratibu ambao samaki hawaushtukii.

Thamani halisi ya kifaa, kwa maoni yangu, ilijitokeza wakati wa kaskazi. Mwezi Februari maji yalikuwa yakifika 31, na hapo ndipo hatari hukutana pande mbili: samaki akipata joto huhitaji hewa zaidi, ilhali maji ya moto hubeba hewa kidogo, kwani maji baridi yenye nyuzijoto 20 yanaweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yale ya 30 hushika kama 7.5 tu. Silikanti, samaki wa kale wa bahari yetu, aliyetengewa hifadhi hapa Tanga mwaka 2009, hukaa kwenye kina ambako maji yamepoa. Mbuna wa sebuleni hana kina cha kukimbilia. Feni ikipuliza juu ya maji, mvuke huondoka na joto, na lita moja ikigeuka mvuke huchukua joto la kutosha kushusha lita 120 kwa karibu nyuzijoto 5, ijapokuwa chumba hurudisha sehemu kubwa. Kwa unyevu wa hewa yetu ya pwani sikutarajia makubwa, nami nilipata 29, mara chache 28.5. Gharama yake ni kuongeza maji kila asubuhi na kuondoa mfuniko wa kioo, nikaweka wavu mahali pake, maana mbuna huruka.

Sasa kasoro. Sensa ilikuja ikisoma nyuzijoto 1.5 zaidi ya kipimajoto changu cha kioo, na ilinibidi nitafute katika mipangilio sehemu ya kuisahihisha, kazi iliyonichukua jioni nzima kwa sababu karatasi ya maelezo ina maandishi madogo yasiyosomeka. Plagi nayo ni ya pini mbili za mviringo, hivyo inahitaji adapta.

Kasoro ya pili ni nzito. Kipira kinachoishikilia sensa kwenye kioo kililegea mwezi Agosti, sensa ikaning'inia nje ya maji, na kisanduku, kikisoma hewa ya alfajiri yenye nyuzijoto 22, kikaiacha hita ikiwaka mfululizo. Nilipoamka maji yalikuwa 30. Samaki walipona, nami tangu siku hiyo nimeifunga sensa kwa uzi wa nailoni na kuweka kirekebishi cha hita yenyewe kwenye 27, ili kimoja kikikosea kingine kikate. Yeyote atakayekinunua afanye hivyo siku ya kwanza.

Liko pia jambo ambalo kifaa hakiwezi kulizuia, nalo ni maji ya simtanki. Simtanki jeusi lililopigwa na jua juu ya paa hutoa maji ya 36 saa tisa alasiri, na ukibadilisha lita 30 kwa maji hayo katika tangi lenye 27, joto hupanda kwa zaidi ya nyuzijoto 2 kwa dakika chache, kabla feni haijafanya lolote. Mimi hukinga maji usiku kwenye ndoo na kuyatumia asubuhi.

Umeme ukikatika kifaa hukaa kimya, lakini ukirudi huendelea na mipangilio ileile bila kuguswa, jambo ambalo kidhibiti changu cha zamani hakikuliweza. Katika saa hizo za giza mimi huweka chupa ya nusu lita ya maji yaliyogandishwa ielee tangini. Hushusha chini ya nusu nyuzijoto, kwa hiyo hata chupa mbili haziwashtui samaki.

Kwa shilingi 70,000 ningekinunua tena, ila ningempatia muuza duka kipimajoto changu na glasi ya maji, tukijaribu sensa palepale kaunta kabla ya kulipa.