Vilishio vya kuku vinavyowazuia panya: kipi ununue kwanza

Mahindi yakianza kuvunwa, kuanzia Juni hivi, panya wa mashambani huko Mbozi, Makambako au Kilolo wanahamia majumbani na mabandani, na harufu ya pumba ndiyo inayowaita. Panya dari mmoja hula kama gramu 15 kwa usiku. Wakiwa kumi tu, kwa mwaka wamemaliza zaidi ya mfuko wa kilo 50, na bado hujahesabu chakula walichokikojolea. Hicho ndicho kibaya zaidi, maana mkojo wa panya unaweza kubeba homa ya mgunda, na kinyesi chake bakteria wa salmonela.

Kabla ya kutoa pesa, pima chakula. Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 20 wanahitaji kilo 2.4 tu. Jua likizama kilishio kiwe kitupu au kimefungwa, kwa sababu panya hutembea usiku. Mfuko wenyewe uwe ndani ya pipa la chuma lenye mfuniko, plastiki wanaitafuna.

Cha kwanza: kilishio cha bati chenye kanyagio. Kuku akikanyaga, kifuniko kinainuka, akishuka, kinajifunga. Kwa kuku wakubwa hakuna kinachokifikia. Hakipatikani kila duka, lakini fundi bati anayetengeneza majiko na ndoo anaweza kukitengeneza. Mwagize bati la geji 24 au 26. Geji 30 ya kuezekea hupinda, kifuniko kikaacha mwanya. Usimalizie malipo kabla ya majaribio mawili. Weka paketi ya sukari ya kilo moja juu ya kanyagio: kifuniko kifunguke chote. Weka ya nusu kilo: kisisogee. Kuku jike wa kienyeji huzidi kilo moja, panya dari hafiki robo kilo, na hapo katikati ndipo ulinzi ulipo. Kisha chukua penseli, ujaribu kuipitisha pembeni mwa kifuniko kilichofungwa. Ikipita, panya mdogo wa nyumbani naye anapita.

Wengi hukilaumu chombo hiki kwa kosa la kuharakisha. Bati likigonga kuku wanashtuka, wanagoma kula, mayai yanapungua. Gundisha kipande cha tyubu ya baiskeli pale kifuniko kinapogonga. Wiki ya kwanza kaza kifuniko kwa waya kikae wazi kabisa. Ya pili legeza waya kikae nusu wazi. Ya tatu kiachie. Kimoja kinatosha kuku kumi hadi kumi na wawili. Vifaranga wasikikaribie, hawana uzito wa kukifungua na kinaweza kuwabana.

Kuna mgeni mmoja anayekishinda: panya buku. Huyo anafikisha kilo na zaidi, anafungua kama kuku. Kama yupo maeneo yako, mwambie fundi aongeze komeo la kufunga usiku.

Cha pili: cha plastiki cha kuning'iniza. Ni rahisi, kipo kila duka la pembejeo, na ndicho kinachofaa kwa vifaranga na kuku wanaokua. Ukingo wake ulingane na mgongo wa kuku, wasichakure na kumwaga. Tatizo ni kwamba panya dari anashuka kwenye kamba au waya akitokea juu. Funga koni ya bati yenye upana wa sentimita 50 katikati ya waya, mdomo ukielekea chini, na uhakikishe hakuna ukuta wala kichanja cha karibu cha kurukia. Bila koni, kishushe kila jioni ukifungie ndani.

Cha tatu: ndoo ya lita 20 yenye elbo (viungo vya kona) za bomba za inchi 3. Kuku anaingiza kichwa, hawezi kuchakura. Inafaa kwa chakula cha tembe; unga laini hukwama kwenye kona. Panya naye anaingia humohumo, kwa hiyo nunua na vifuniko vya elbo, uvifunge kila jioni. Sehemu za ukungu na mvua nyingi kama Tukuyu chakula kinavunda chini ya ndoo na kuota kuvu, na hapo kuna hatari ya sumukuvu. Imwage yote na kuikausha kila wiki.

Kihori cha mbao kilicho wazi usinunue: kinalisha panya, shomoro na sakafu. Vifaa vya umeme vya kufukuza panya kwa mlio navyo acha, panya wanauzoea. Sumu isiwekwe bandani kabisa. Panya aliyeila haanguki papo hapo, anatangatanga siku kadhaa, na kuku akimdonoa anakula sumu hiyohiyo.

Kwa kilishio cha kanyagio, kagua bawaba kila mwezi na uzitie tone la mafuta ya kula. Ikilegea moja, kifuniko kinakaa upande, na penseli inapita.