Uzoefu wangu na programu ya kubeti: bei ya odi na hela inayofika kwenye simu

Jina la programu silitaji, maana lawama nilizo nazo juu yake nimezikuta pia kwa washindani wake. Ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, hela inaingia na kutoka kwa M-Pesa vizuri, na kwenye malipo haijawahi kunizungusha. Hapo sina neno. Ninachotaka kupima ni kitu kimoja: mtu akisuka mkeka wake pale (tiketi moja yenye mechi kadhaa, zote lazima zitiki), anaelewa anauziwa nini na kwa bei gani?

Odi ni bei. Simba yuko ugenini, umepewa 1.40, ukiweka buku na Simba akashinda unapokea 1,400, na ndani yake buku lako mwenyewe limo. Faida ni 400. Programu inaonyesha desimali, jambo jema. Kwenye mipangilio kuna mtindo wa Uingereza na wa Marekani pia, ambako 2.50 inaandikwa 3/2 au +150, na 1.50 inaandikwa 1/2 au -200. Mtu wa Bongo hana haja navyo, labda awe na shemeji ughaibuni anayemrushia mechi.

Sasa toa kikokotoo. Chukua 100, gawanya kwa odi, utapata asilimia ya nafasi ya kushinda iliyojificha ndani ya bei. Mechi ile ya Simba ilikuwa na 1.40 kwa ushindi wake, 4.33 kwa sare na 7.50 kwa mwenyeji. Ukigawanya unapata 71.4, 23.1 na 13.3. Jumlisha: 107.8. Mechi moja haiwezi kuwa na matokeo ya zaidi ya asilimia 100, kwa hiyo ile karibu 8 inayozidi ndiyo sehemu ya kampuni. Hawafanyi wizi hapo. Ni kama duka la fedha za kigeni linalonunua dola kwa bei moja na kuiuza kwa nyingine. Ila duka la fedha linabandika bei zote mbili ukutani, na hawa hawabandiki. Kwenye dabi ya Yanga na Simba nilikuta 2.20, 2.90 na 3.30, jumla asilimia 110. Yaani mechi ambayo nchi nzima inaitaka ndiyo waliyoikaza zaidi.

Na hii ni mechi moja tu. Mkeka ndiyo habari yenyewe. Timu nane, kila moja 1.40, zidisha zote unapata odi 14.76, na chini ya mkeka programu inakuandikia kwa herufi nene za kijani: ushindi 14,758 kwa dau la buku. Inapendeza. Lakini ondoa ile ziada ya kampuni kwenye kila mechi (71.4 gawanya kwa 1.078), nafasi halisi ya kila timu kushinda inabaki kama asilimia 66. Zote nane kushinda kwa pamoja ni asilimia 3.7 tu. Bei ya haki kwa nafasi ndogo hivyo ni odi 27, na wewe umepewa 14.76. Kwa maneno mengine, buku uliloweka lina thamani ya shilingi kama 546 kabla hata filimbi haijapulizwa. Kwenye mechi moja lingekuwa na thamani ya 927. Kampuni inakata kidogo kila unapoongeza timu, na ndiyo maana matangazo yote yanakusukuma kuongeza timu.

"Lakini kuna bonasi ya mkeka!" Ipo, ndiyo. Kwangu timu nane zilikuwa zinaongeza asilimia 10 ya faida, kwa hiyo 14,758 inakuwa 16,134. Rudia hesabu: thamani ya buku inapanda kutoka 546 hadi 597. Wamekurudishia hamsini kwenye mia nne na zaidi waliyochukua, tena kwa mbwembwe na fataki kwenye skrini.

Halafu kuna kodi. Serikali inakata kwenye ushindi, na kiwango kinapangwa na Sheria ya Fedha, kwa hiyo kimekuwa kikibadilika kadiri bajeti zinavyopita. Programu inaonyesha makato hayo kwa rangi ya kijivu, kwa herufi ndogo, na ili uyaone lazima uguse mshale upanue mkeka. Kile kiasi cha kijani ni cha kabla ya kodi. Hapa nawalaumu waziwazi. Hela itakayoingia kwenye simu wanaijua hadi senti. Wangeiandika hiyo kwa kijani. Jirani zetu Kenya walibadili utaratibu kuanzia Julai 2025: badala ya kukata asilimia 20 ya ushindi, sasa wanakata asilimia 5 ya hela unayoitoa kwenye akaunti yako ya kubeti, na ushuru wa asilimia 5 unapoiweka. Kwa hiyo ukisoma hesabu za Mkenya mtandaoni usizilinganishe na za kwako.

Kipengele nilichotaka kukisifu ni kile cha 1X, matokeo mawili kwa mkupuo mmoja. Watu wanakiona kama kinga. Kwenye dabi ile Yanga au sare walikiuza kwa 1.22. Nikagawanya buku mwenyewe: 569 kwa Yanga ya 2.20, 431 kwa sare ya 2.90. Ikitokea yoyote kati ya hizo mbili, napata kama 1,250, kabla ya kodi. Matokeo yale yale, na wao wangenipa 1,220. Hiyo thelathini ni bei ya uvivu wa kubonyeza mara moja. Angalia tu kodi inavyohesabiwa kwenye tiketi mbili kabla hujashangilia.

Kash-auti, yaani kuirudishia kampuni mkeka kwa hela kabla mechi hazijaisha, nayo ina tabia hiyo hiyo. Timu saba zimetiki, imebaki moja ya 1.40, mkeka ni wa 14,758. Kwa nafasi ya asilimia 66, mkeka huo kwa wakati ule una thamani ya kama 9,770. Kitufe kilikuwa kinanipa 8,900. Mwenye kodi ya nyumba kesho achukue, sitamcheka. Ila ajue ameuza kwa hasara, na kampuni imekula mara ya pili kwenye mkeka ule ule.

Kwenye masharti naipa alama nzuri, yameandikwa Kiswahili kinachoeleweka. Mechi ikiahirishwa, odi yake inahesabiwa 1.00 na mkeka unaendelea; wetu wa 14.76 unashuka hadi 10.54, na bonasi inashuka pia kwa sababu timu zimebaki saba. Na 1X2, yaani kubeti mwenyeji, sare au mgeni, ni dakika 90 na za majeruhi, basi. Fainali ya Kombe la Dunia 2022, Argentina walibeba kombe kwa penalti, lakini dakika 90 zilipoisha ilikuwa 2-2, kwa hiyo aliyewapa ushindi kwenye 1X2 mkeka ulichanika na wa sare akala. La kwetu ni chungu zaidi: Juni 2023 Yanga waliifunga USM Alger 1-0 kule Algiers, mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Aliyebeti Yanga anashinda mechi alilipwa. Aliyebeti Yanga anabeba kombe hakulipwa, maana Uwanja wa Mkapa walikuwa wamepigwa 2-1, jumla ikawa 2-2, na USM Alger wakabeba kwa kuwa na mabao mengi zaidi ya ugenini. Timu moja, usiku mmoja, tiketi mbili tofauti. Vijiwe vilipiga kelele wiki nzima kwamba kampuni zimedhulumu watu, na hazikudhulumu mtu.

Sehemu ya kujiwekea kikomo cha kuweka hela ipo, ila wameizika chini ya akaunti, chini ya mipangilio, chini ya "mengineyo". Ukipunguza kikomo kinaanza kazi papo hapo. Ukitaka kukipandisha unasubiri siku nzima. Hiyo wameipanga vizuri kuliko kitu kingine chochote humo.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitawapa siku watakapoandika kiasi cha baada ya kodi mahali pa kile cha kijani, na ya tano waninyime tu, maana sitegemei kampuni yoyote ibandike ile asilimia 107.8 juu ya mechi.