Rangi Mpya kwa Plastiki za Ndani ya Peugeot 504

Peugeot 504, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, huzeeka vibaya kwa ndani, na gereji niliyoipelekea yangu jijini Nairobi inaijua kazi ya kuzipaka rangi upya plastiki zake. Fundi alivifungua vipande vyote, akaviosha kwa sabuni na kuvipangusa kwa spiriti ili kuondoa mafuta ya kung'arishia dashibodi, ambayo huifanya rangi iache vitundu vidogo vidogo, kisha akavipiga msasa wa maji namba 600 na kupaka praima ya plastiki, yaani rangi ya msingi inayotangulia. Rangi ya vishikio vya milango haibanduki hata ukiikwaruza kwa kucha. Hata hivyo, juu ya dashibodi inameremeta kupita kiasi, na jua la saa nane huakisiwa kwenye kioo cha mbele. Agizeni rangi isiyong'aa mapema.