Mashine ya kusafisha hewa: kwa vumbi sawa, kwa moshi wa sigara usiinunue

Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 185,000. Muuzaji aliniambia, "Dada, hii inameza moshi wote," nami nikaamini kwa kuwa nilikuwa nimekwama. Tunaishi na baba mkwe, anavuta sebuleni, na mimi ni mkwe, ningeanzia wapi kumwambia atoke nje? Mwanangu Salma ana mwaka na miezi miwili, na kifua kilikuwa kinambana kila baada ya wiki mbili.

Kwa vumbi la Mbagala sina malalamiko. Haina kelele, na kwenye LUKU sijaona tofauti.

Kwa sigara, hapana. Wiki ya tatu nilifungua mfuniko wa nyuma nikakuta chujio jeupe limekuwa rangi ya chai ya rangi. Nikafurahi, nikajua inafanya kazi. Jioni ile ile, taa yake inawaka kijani kuonyesha hewa ni safi, nikambeba Salma nikamwogeshe: nywele zinanuka sigara. Nikanusa pazia, nikanusa mto wa kochi. Vilevile.

Nesi wa kliniki ndiye aliyenifungua macho. "Mama Salma, chujio linanasa chembechembe. Gesi kama kaboni monoksidi zinapita. Na usitegemee feni wala dirisha. Sigara ikizimwa, moshi unabaki ndani kwa saa kadhaa, na mwingi huuoni wala husikii harufu yake." Akasema nimlete babu siku ya kupima uzito.

Babu alikuja. Nesi hakumgombeza, alimwamkia vizuri, akamvisha masikioni kile kifaa cha kusikilizia kifua, akakiweka mgongoni kwa Salma. Babu alisikiliza ile miluzi muda mrefu. Hakusema neno hadi tunapanda daladala.

Kesho yake kigoda chake nilikikuta chini ya mwembe, nje ya geti. Sasa ana shati la kuvutia sigara analoliacha kwenye msumari nje, na ananawa mikono kabla hajambeba mjukuu. Nimefua mapazia yote, mito nimeianika juani siku mbili. Tangu hapo ni miezi miwili, na hatujarudi hospitali kwa ajili ya kifua.

Mashine naipa nyota mbili, zote za vumbi. Kama nyumbani kwako kuna anayevuta na una mtoto mdogo, hiyo 185,000 kaa nayo, mpeleke huyo mtu kliniki pamoja na mtoto.