Kipima oksijeni cha kidoleni nilichonunua Darajani: kizuri, ila msikitwishe kazi isiyokuwa yake

Kwa wenye wazee wa kifua nyumbani wanaofikiria kununua kile kidude cha kubana kidoleni, mie nshakitumia muda sasa kwa baba, mapafu yake yameharibika kwa sigara za miaka mingi, basi nasema niliyoyaona. Kifupi nunueni, hela zake haziendi bure. Ila kijana wa dukani alivokuwa akikinadi utadhani kinapima mapafu, figo na roho yenyewe, na hapo ndo nna ugomvi nae.

Kinapitisha mwanga mwekundu na infraredi, ule usioonekana kwa macho, kwenye kidole. Damu iliyobeba oksijeni na isiyobeba haziunyonyi mwanga huo sawasawa, kinapiga hesabu kinakupa asilimia, basi. Njia hii aliiwaza Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya mwanzo ya sabini na ni akili kubwa kwa kweli, maana kabla yake ukitaka kujua mara nyingi ilikuwa utoe damu.

Sasa sikilizeni hapa. Oksijeni karibu yote kwenye damu, kama asilimia 98, inabebwa na himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu, na mashine inakwambia himoglobini ULIYONAYO imejaa kiasi gani, haikwambii unayo ngapi. Daladala zote zimejaa abiria, sawa, lakini gari zenyewe ziko mbili tu barabara nzima. Ndo maana mtu mwenye upungufu wa damu anaweza kusoma 99 huku ngazi tatu tu zinamtoa pumzi, na wewe ukaambiwa "mbona oksijeni yake nzuri". Kwa wajawazito na watoto wenye selimundu, ambao damu mara nyingi inawapungua, naomba msiridhike na kidole peke yake.

Jengine ambalo dukani hawakugusii kabisa ni kaboni dayoksaidi, ile hewa chafu tunayoitoa tukipumua. Hichi kidude hakiioni. Hewa ile ikibaki mwilini inachanganyika na maji ya damu inafanya asidi, na damu inataka kukaa kwenye pH (kipimo cha asidi) 7.35 mpaka 7.45, hapo tu, haina nafasi ya kucheza. Mapafu yanaitoa hewa hiyo kwa dakika, figo nazo zinasaidia kusawazisha ila zinataka siku kadhaa. Mtu kama baba, kifua kikichoka, kaboni dayoksaidi inapanda, na ukimfungulia oksijeni nyingi ili namba ipendeze ifike 99 unaweza ukamzidishia hewa hiyo chafu. Daktari wake ametwambia akiwa kwenye oksijeni tumlenge 88 mpaka 92. Jirani kaja kaona 91 akapiga ukelele tumuongezee, nkamwambia bibi wee tulia, hiyo ndo namba yake (mtu mwenye mapafu mazima ndo tunataka 95 kwenda juu). Kinachotutisha sie ni akianza kusinzia ovyo, kichwa kinamuuma, maneno hayaeleweki, hapo hata kidude kiseme 93 tunapanda gari hospitali, kwa sababu kipimo cha kujua asidi ni damu ya ateri, ile wanayochoma kwenye kifundo cha mkono, na inauma kuliko sindano ya kawaida msidanganywe.

Na mwenye sukari ikimpanda sana akawa anahema kwa nguvu, pumzi ndefu ndefu, damu inaweza kuwa imeshachacha kwa asidi na kidole kinasoma 99 bila wasiwasi wowote.

Haya, mambo ya kwetu. Piko! Dada yangu katoka harusini vidole vyeusi tii, kajaribu, mara kinatoa mistari tu mara kinatoa namba ya ajabu. Tafuteni kidole kisichopakwa, au dole la mguu. Mikono ya baridi pia inakivuruga, msubiri ipate joto. Na jiko la mkaa ndani na madirisha yamefungwa hilo ndo baya zaidi, moshi ule una kaboni monoksaidi, hewa ya sumu, na mashine inaihesabu kama oksijeni, yaani mtu anakosa hewa kweli na kioo kinasema yuko salama.

Sie wenye ngozi nyeusi tena kina tabia ya kutuzidishia namba kuliko ya kweli. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulikuta wagonjwa waliosomeka 92 mpaka 96, kwa weusi karibu 12 katika mia oksijeni yao ya kweli ilikuwa chini ya 88, kwa weupe kama 4 tu. Kwa hiyo mie naangalia zaidi imeshuka kutoka wapi kuliko namba yenyewe, na kwa mtu wa kawaida ikienda chini ya 90 sisubiri, maana kuanzia hapo inaporomoka haraka.

Chenyewe kama bidhaa: kioo kinaonekana vizuri hata barazani, kinajizima ukikitoa, ila betri alizonipa nazo zilikuwa zimechoka tokea dukani, nunueni zenu. Subirini ile mistari ya mapigo itulie ndo msome. Nimelipa elfu thelathini na tano, ukikaza bei utapunguziwa. Karatasi yake ni Kichina na Kiingereza tu, kama unamnunulia mzee anaekaa na wajukuu waandikie namba zake kwa kalamu nyuma ya boksi, na namba ya simu ya wa kupigiwa.