Uzoefu wangu: tenki la Kobe na fundi aliyenicheka

Nilijiambia ningoje hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi naandika hivyohivyo.

Nina Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, aliyoniachia marehemu baba. Nyumbani hakuna anayeiita gari, sote tunamwita Kobe. Alikaa Tanga miaka mingi chini ya mwembe, tenki likiwa nusu. Mwenye gari la zamani ameshanielewa. Tenki la nusu linavuta hewa ya nje, na hewa ya Tanga mnaijua. Usiku bati likipoa, ule unyevu unageuka matone. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanazama hadi chini kabisa na kukaa hukohuko, yanakula bati taratibu huku wewe umelala Dar unadhani gari liko salama kwa sababu lina turubai.

Kwa wasiomjua Kobe: injini iko nyuma, tenki liko mbele chini ya boneti, karibu na miguu ya dereva. Likioza unalinusa ukiwa umekaa. Mama watoto alipanda mara moja, akafika kona ya kwanza, akaniambia nimshushe.

Nikaulizia kwa wenzangu wenye magari ya kizamani, nikaelekezwa gereji moja Ilala. Jina silitaji, sitaki kesi. Tulipatana laki mbili na nusu: kulishusha tenki, kulisafisha, kuziba matobo mawili ya chini na kupaka ile dawa ngumu ya ndani, epoksi. Niliwahi kufikiria tenki jipya. Yapo, yanatengenezwa mpaka leo japo gari lenyewe la mwisho lilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Ila ukijumlisha bei, usafiri na ushuru, unajikuta unarudi kwa fundi.

Nitende haki kwanza. Kulishusha walifanya haraka mbele ya macho yangu: bolti nne, waya wa geji, mpira mmoja wa chini, kwisha. Na kuchomelea, sina neno. Fundi mkuu alilisuuza tenki, akalijaza maji mpaka karibu na tobo, akabakiza kinafasi kidogo tu cha kufanyia kazi. Hapo nikamwona mtu anayejua kwamba tenki tupu ndilo la kuogopwa, kwa sababu ule mvuke wa petroli ukikutana na cheche hauulizi jina. Nikamnunulia soda. Nilimpenda kweli.

Shida ikaja kwenye kusafisha. Alimimina kokoto mkono mmoja, akatikisa mara tatu nne kama anayepepeta mchele wa mtu mwingine, akamwaga. Kisha akafungua kopo la epoksi. Nikachungulia kwenye tundu la geji kwa tochi ya simu: kuta bado zina rangi ya tope la mfinyanzi, na chini kuna kidimbwi kinameremeta. Nikasema kwa adabu, "Fundi, naona halijakauka."

Hakuniangalia hata usoni. "Mzee, hili si gari, hii ni kumbukumbu. Wewe litembeze Jumapili, piga picha, rudisha nyumbani."

Gereji nzima ikacheka. Muuza kahawa naye akacheka, na kahawa yake nilikuwa sijalipa.

Si gari! Gari la namna hii lilishinda mbio za Safari mwaka 1962, kwenye matope ya Afrika Mashariki, wakati baba yake fundi bado anachunga mbuzi. Hilo nililikumbuka nikiwa nimeshafika nyumbani, kama ilivyo kawaida ya majibu mazuri. Pale pale gereji nilicheka nao. Nikalipa na chenji nikaacha.

Baada ya wiki kadhaa nikaanza safari ya Tanga. Tulivuka Mlandizi vizuri, Kobe anaimba. Tulipokaribia daraja la Ruvu akakohoa, akakohoa tena, akazima. Nikasubiri dakika kumi, akawaka kama hana neno. Kilomita mbili, akazima. Mchezo huo ulikwenda hivyo mpaka jua likazama. Aliyekutwa na jambo hili anajua maana yake: kuna kitu ndani ya tenki kinavutwa kwenye tundu la kutokea mafuta na kuliziba. Injini ikizima hakivutwi tena, kinadondoka, njia inafunguka. Ukiondoka kinarudi.

Nikalala chini ya gari kando ya barabara, malori yakinipita kichwani, nikachomoa mpira na kumimina mafuta kwenye chupa ya maji. Mpwa wangu akamulika. Ndani ya ile petroli kulikuwa na vipande vya kijivu, vyembamba, vimejikunja pembeni, vinazunguka taratibu. Magamba ya samaki kabisa. Kimoja nilikitoa nikakigeuza: upande mmoja laini unang'aa, upande wa pili umebeba kutu ya tenki langu. Epoksi haikushika bati hata kidogo. Ilishika kutu, na kutu haikushika kitu.

Nilirudi Ilala nimevutwa kwa kamba. Akaniambia mafuta ya siku hizi mabaya.

Hapo ningetoa hukumu yangu ya kwanza: msiende, sifuri, hata kwa kujaza upepo msiende. Lakini Jumapili moja akabisha hodi kijana wa spana wa gereji ileile. "Shikamoo mzee. Nimekuja kwa lile tenki. Siku ile nilitaka kusema, nikashindwa."

Tulilifanya uani. Kwanza dawa ya kutoa rangi, ile inayounguza vidole, siku mbili. Epoksi ikatoka mashuka mashuka, kama ngozi ya nyoka. Kisha akaniagiza magadi, hayahaya tunayolainishia maharage. Akayakoroga kwenye maji, akajaza tenki, akaning'iniza kipande cha nondo kupitia tundu la geji, akakizuia kwa kijibao kisiguse bati. Chaja ya betri: hasi kwenye tenki, chanya kwenye nondo. Alirudia mara tatu, nisije nikageuza, kwani ukigeuza ni tenki litakaloliwa. Baada ya robo saa likaanza kutoa povu la rangi ya chai ya maziwa. Mpwa wangu akasogea na sigara, kijana akamfukuza kama kuku. Kumbe ile hewa inayotoka inashika moto.

Siku tatu, tukibadilisha maji na kusugua nondo. Kutu ikawa tope jeusi, ikatoka kwa maji ya bomba. Tukalikausha kwa mashine ya nywele ya binti yangu, tukazungusha petroli yenye oili kidogo ndani ili kutu isirudi usiku uleule. Usiku tukaingiza kitaa kidogo ndani, tukazima taa za uani, tukazunguka kutafuta matobo. Giza totoro. Hakuna hata nyota moja. Epoksi hatukupaka tena. Mpira mpya, chujio jipya, basi.

Nikamuuliza kijana haya mambo ya magadi kajifunza wapi.

"Kwa fundi mkuu. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Nikaketi. Miezi yote hiyo nilikuwa nimemsamehe nusu kwa kudhani hajui. Kumbe anajua! Anajua kuliko mimi na nyinyi, ila alilitazama gari la baba yangu akaona halistahili siku tatu za kusubiri. Mjinga ningemwonea huruma.

Na bado ile mishono yake ya chini, ile aliyochomelea tenki likiwa na maji, haijavuja tone. Imepita dawa ya kutoa rangi, imepita magadi, imepita barabara ya Segera mara mbili. Nimeipapasa kwa kidole, ni laini kama imetoka kiwandani. Kwa hiyo sifuri nimeifuta. Kuchomelea, mpeni. Kusafisha, simameni juu ya kichwa chake, na akicheka msicheke naye.

Juzi bomba la moshi la Kobe limepasuka. Najua Dar nzima ni nani anayelijua bati jembamba vile. Nimempigia kijana kumuuliza siku gani mkuu hayupo.