Kompyuta ya mezani: nunua inayofunguka kwa bisibisi

Mwaka juzi niliinunulia steshenari yangu kompyuta ya kipande kimoja, ile ambayo mashine nzima imejificha nyuma ya kioo. Waya mmoja tu, meza safi, wateja wakaisifia. Haukupita mwaka ikawa unaiwasha, unaenda kununua chai, unarudi bado haijamaliza kuwaka. Dawa nilikuwa naijua: toa diski ya zamani ya kuzunguka (hard disk), weka SSD, ile hifadhi ya chipu yenye kasi zaidi. Fundi akaigeuza mara mbili akitafuta skrubu, hakuona hata moja. Kioo kilikuwa kimebandikwa kwa gundi pande zote. Akaazima drayer ya saluni jirani, akapasha kingo, akaanza kupenyeza kadi ya plastiki polepole. Kufika kona ya chini tukasikia "ka!" Kioo kipya kilitaka kukaribia bei niliyonunulia mashine.

Tangu hapo napanga machaguo kwa swali moja: ikileta shida, nani ataifungua, na kwa kifaa gani?

Namba moja ni vile visanduku vidogo vya ofisini: Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini. Kinatosha nyuma ya monita. Unalegeza skrubu moja, unasukuma mfuniko, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na diski hizo hapo. RAM zake ni fupi, za laptop, kwa hiyo usinunue zile ndefu. Hakikisha unapewa na adapta yake, na uulize kama kina Wi-Fi, maana vingi huja bila. Halafu soma jina kamili la prosesa, yaani chipu inayoendesha mashine: i5-8500T inapokea Windows 11, i5-6500T haimo kwenye orodha ya Microsoft, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Wauzaji wengi wanasema "Core i5" halafu wananyamaza.

Namba mbili, sipiyu ya kawaida, lile kasha kubwa la kulaza mezani. Inakula nafasi na vumbi, ila kila fundi anaijua.

Kama moyo umeng'ang'ania kipande kimoja, tafuta za ofisini kama HP EliteOne 800 au OptiPlex za aina hiyo. Mgongo unatoka, RAM inabadilishwa. Tatizo linabaki lile lile la ndoa: kioo kikifa, mashine nzima inalala nacho.

Ya nne ni iMac, kipande kimoja cha Apple, ya inchi 27, zile za mwisho wa 2012 hadi 2020. Chomoa waya wa umeme, na juu ya tundu lake kuna kitufe. Kibonyeze, kimlango cha RAM kinafunguka. Uzuri unaishia hapo. Diski iko nyuma ya kioo cha gundi, na zile zenye kioo cha 5K (chenye picha kali zaidi) ukitaka kuzigeuza monita ya kompyuta nyingine, hazikubali.

Mkiani naziweka iMac za inchi 21.5 kuanzia mwisho wa 2012, ambazo kimlango hicho hazina (za mwisho wa 2015 RAM imechomelewa kabisa), pamoja na za inchi 24 zilizoanza 2021. Hizi za 24 zina kasi, sibishi. Ila RAM iko pamoja na chipu, hifadhi imechomelewa kwenye bodi. Ukichukua ya GB 8 utazeeka na GB 8.

Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji afungue mfuniko mbele yako. Mwenye kisanduku atafungua huku anaongea na simu. Mwenye kioo cha gundi ataanza kukueleza habari za waranti.